Maswali ya Wasomaji: Shashi Iliyosahaulika Tumboni na Haki ya Kulipwa Fidia

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu jambo moja: kitu kilichoachwa mwilini baada ya upasuaji. Maswali ya kitabibu yamejibiwa na daktari wa upasuaji, na ya kisheria na wakili anayeshughulikia madai ya uzembe wa kitabibu. Barua tumezifupisha, na majina ya walioandika pamoja na ya hospitali tumeyaondoa.

SWALI: Nilijifungua kwa upasuaji miezi saba iliyopita. Tangu hapo upande wa kushoto wa tumbo unauma, na nikibonyeza nasikia kitu kigumu. Kidonda kilifunga, kikafunguka, kikatoa usaha, kikafunga tena. Nimeshapewa dawa za kuua vijidudu mara tatu. Je, inawezekana kuna kitu kimesahaulika ndani? Nianzie wapi?
*Mama wa mtoto mmoja*

JIBU: Pole sana, dada. Inawezekana, na dalili ulizozitaja zinatosha kumfanya daktari atafute chanzo badala ya kukuandikia dawa kwa mara ya nne. Usaha unaokauka ukiwa kwenye dawa na kurudi ukishazimaliza mara nyingi una kitu kinachouzalisha ndani, mahali ambapo dawa haifiki vizuri. Kitu hicho si lazima kiwe shashi, yaani kitambaa cha kunyonyea damu. Fundo la uzi usioyeyuka linaweza kufanya vivyo hivyo. Uvimbe unaouma zaidi siku za hedhi unaweza kuwa tishu za ndani ya mfuko wa uzazi zilizoota kwenye kovu. Ule unaojitokeza ukikohoa na kunywea ukilala huenda ni ngiri ya kovu. Kwa hiyo usijihukumie mwenyewe, nenda ukapimwe.

Mwili hukipokea kitambaa kilichosahaulika kwa njia mbili. Kikiwa na vijidudu, ndani ya siku au wiki chache huleta homa, jipu, usaha unaotafuta njia ya kutokea kwenye kidonda, na wakati mwingine tundu linalounganisha utumbo na ngozi. Kisipokuwa na vijidudu, mwili hukizungushia ukuta wa nyama ngumu na kukifungia humo. Mgonjwa wa aina hii anaweza kukaa miaka mingi akiwa na uvimbe tu, au bila dalili yoyote, mpaka siku anapopigwa picha kwa ugonjwa mwingine kabisa. Mara chache kitambaa hutoboa utumbo, kikaingia ndani yake na kuuziba.

Ukifika hospitali usiseme tu "tumbo linauma". Sema: "Nilifanyiwa upasuaji tarehe fulani, na naomba uwezekano wa kitu kilichosahaulika uangaliwe." Mwombe daktari aandike maneno hayo kwenye fomu ya picha, kwa sababu mtaalamu wa picha aliyeambiwa cha kutafuta hukiona upesi kuliko aliyeandikiwa "maumivu ya tumbo". Shashi za upasuaji hufumwa na uzi wenye chumvi ya bariamu, unaoonekana kwenye eksirei kama mstari mweupe uliojikunja. Picha ichukue tumbo lote, kuanzia chini ya mapafu hadi nyonga. Picha iliyokatwa kitovuni haisaidii kitu. Hata hivyo, eksirei isiyoonyesha chochote haifungi mjadala: uzi huo unaweza kuwa umejikunja juu ya mfupa, au iliyotumika ni shashi ya kawaida ya kufungia vidonda, isiyo na uzi huo kabisa.

Ultrasaundi huonyesha uvimbe wenye ukingo unaong'aa na kivuli cheusi nyuma yake. Kipimo chenye majibu mazuri zaidi ni skani ya CT, ambako kitambaa huonekana kama sifongo, yaani donge lenye vipovu vidogo vya hewa vilivyonaswa katikati ya nyuzi. Daktari wa picha atauliza pia kama wakati wa upasuaji iliwekwa dawa ya kukausha damu inayoyeyuka yenyewe, maana nayo hufanana na hivyo katika wiki za mwanzo. MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, isitangulie eksirei ikiwa kuna shaka ya chuma ndani, kwa sababu sumaku yake inaweza kukivuta.

Usingoje miadi ukianza kutapika mfululizo huku tumbo limejaa na hupati haja wala hewa, ukipata homa ya kutetemeka, au ukiona damu au kinyesi kinatoka kwenye kidonda. Hayo ni ya kupelekwa hospitali saa hiyo hiyo.

Na waliojifungua kwa njia ya kawaida wakashonwa msamba nao wajue kwamba shashi husahaulika ukeni. Dalili kubwa ni majimaji yenye harufu kali, siku au wiki chache baada ya kujifungua. Hapo picha si lazima. Mkunga akichunguza kwa mkono au kwa kifaa cha kupanulia uke ataigundua. Inasikitisha ni kina mama wangapi huambiwa kwamba harufu ile ni ya kawaida.

SWALI: Mke wangu alitolewa kitambaa tumboni. Kinachonishinda kuelewa ni hiki: thieta (chumba cha upasuaji) ina watu watano au sita, na tunaambiwa vitambaa huhesabiwa. Kitambaa chenye ukubwa wa taulo ndogo kinapoteaje?
*Mume wa mgonjwa*

JIBU: Kwanza usikifikirie kwa ukubwa wake kikiwa kikavu. Vitambaa vya tumbo vingi vina upana wa sentimita 30 hadi 45, lakini kikishalowa damu hunywea, hukunjamana, na huwa na rangi na ulaini wa kile kilichokizunguka. Daktari hukisokomeza pembeni mwa utumbo ili auzuie na apate nafasi ya kufanya kazi. Kwenye upasuaji wa uzazi, pia ili kinyonye maji ya mimba. Utumbo ukirudi mahali pake, hukifunika. Kwa macho hakionekani. Kinachobaki ni mkono wa daktari kupapasa pembe zote kabla ya kufunga, na hesabu ya manesi.

Hesabu inayofanywa sawasawa iko hivi. Watu wawili huhesabu pamoja, kwa sauti, wote wakitazama: nesi anayempa daktari vifaa na nesi anayezunguka. Pakiti hufunguliwa mbele yao, kila kitambaa hutenganishwa na mwenzake (huja vitano vitano au kumi kumi), na idadi huandikwa ubaoni. Wanahesabu kabla ya kuanza, kila kinapoongezwa kitu, kabla ya kufunga kiungo chenye uwazi kama mfuko wa uzazi, kabla ya kufunga ukuta wa tumbo, na kabla ya kushona ngozi. Mmoja wao akipokewa zamu, hesabu inarudiwa. Kitambaa hakikatwi. Taka na mashuka hayatoki thieta mpaka hesabu ya mwisho ikamilike. Shashi za kufungia kidonda hazifunguliwi kabla ya hapo, zisije zikachanganyika na nyingine. Shirika la Afya Duniani liliingiza hesabu hii kwenye orodha yake ya usalama wa upasuaji ya mwaka 2008, yenye vipengele 19: kabla timu haijamwachia mgonjwa, nesi anatakiwa athibitishe kwa sauti kwamba vyombo, vitambaa na sindano vimetimia.

Basi inaharibika wapi? Watu hudhani kwamba kitambaa kikibaki ndani, hesabu itapungua na kila mtu atashtuka. Mara nyingi sivyo. Chukua mfano wa pakiti iliyotoka kiwandani na vitambaa sita badala ya vitano. Nesi hakuvitenganisha, akaandika 5. Kimoja kikabaki tumboni, vitano vikatoka, ubao unasema 5, ndoo inasema 5, daktari anafunga akiwa na amani. Au damu ilifumka, pakiti ya pili ikararuliwa haraka, mtu akasema "nitaiandika baadaye" asiiandike. Au kitambaa kilikatwa vipande viwili: kimoja kikabaki, kingine kikahesabiwa kama kitambaa kizima. Au shashi ya mtaalamu wa usingizi, ambayo haikuwa kwenye hesabu, iliangukia ndoo ile ile na kuziba pengo la ile iliyobaki ndani.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 nchini Marekani, uliopitia madai ya jimbo la Massachusetts ya miaka 1985 hadi 2001, ulichambua wagonjwa 54 walioachiwa vitu 61. Katika kesi ambazo hesabu ilifanyika, asilimia 88 ziliandikwa kwamba hesabu ilikuwa sahihi. Zaidi kidogo ya theluthi mbili ya vitu vile vilikuwa vitambaa. Vilivyosalia vilikuwa vyombo. Mambo matatu yaliongeza hatari: upasuaji wa dharura, ambao uliipandisha karibu mara tisa, mpango wa upasuaji kubadilika katikati, mara nne, na unene wa mgonjwa.

Dharura inaeleza mengi, lakini haihalalishi kila kitu. Hesabu ikiachwa kwa sababu mgonjwa anakufa mezani, eksirei hupigwa kabla hajatoka thieta, au akishatulia. Tunazijua thieta ambazo hazina mashine ya eksirei ya kusogezwa. Hizo ndizo zinazohitaji kuhesabu kwa ukali zaidi.

SWALI: Mimi ni nesi wa thieta. Kuna siku hesabu inapungua moja na daktari anasema "iko kwenye taka, tufunge". Nifanye nini bila kugombana naye?
*Nesi*

JIBU: Sema kwa sauti ya kusikika na wote, si kwa kumnong'oneza: "Daktari, hesabu ya vitambaa haijatimia, kimepungua kimoja. Naomba tusimame." Kumbuka unamwambia mbele ya mtaalamu wa usingizi, ambaye anaweza kuongeza muda wa usingizi ikiwa hali ya mgonjwa inaruhusu. Daktari apapase tena tumbo lote kwa mkono, akianzia pembe za juu akishuka hadi nyonga. Wewe na mwenzako mwage ndoo na mifuko juu ya shuka sakafuni, mtenganishe kimoja kimoja, mwangalie chini ya meza, chini ya miguu, na kwenye mikunjo ya mashuka ya mgonjwa. Kisipopatikana, omba eksirei kabla ya ngozi kushonwa, na mwambie mpiga picha kinachotafutwa ni nini. Sindano fupi kuliko milimita 10 zinaweza zisionekane kwenye picha.

Daktari akifunga licha ya hayo, andika kama ilivyokuwa: "Hesabu ya vitambaa: 14 kati ya 15. Daktari ameambiwa saa 8:40. Ameamua kufunga." Usiandike "sahihi" ili yaishe. Ile karatasi ina saini yako, na siku ikifika mahakamani itakuwa inasomwa mbele yako. Mjulishe msimamizi wa zamu kabla hujaondoka.

SWALI: Nilipotolewa shashi kwenye hospitali ya pili, niliandikia ile ya kwanza. Wamejibu kwamba faili linaonyesha hesabu ilikuwa sahihi, kwa hiyo hakuna uzembe. Ndiyo mwisho?
*Msomaji*

JIBU: Hapana, ndugu. Umesoma hapo juu kwamba hesabu "sahihi" ndiyo hali ya kawaida ya kesi hizi. Karatasi inasema vimetoka vyote, mwili umesema hapana, na mahakama itauamini mwili. Tena karatasi hiyo inaweza kukufaa wewe, kwa sababu inazua swali ambalo hospitali ndiyo yenye majibu: ikiwa hesabu ilitimia, hiki kilichotolewa kilitoka wapi?

Katika nchi zinazofuata mfumo wa sheria wa Kiingereza, mdai wa uzembe anatakiwa athibitishe mambo manne: kwamba hospitali au daktari alikuwa na wajibu kwake, kwamba wajibu huo ulikiukwa, kwamba alipata madhara, na kwamba madhara hayo yalitokana na ukiukaji ule. Kipimo ni mizania ya uwezekano, yaani iwe na uwezekano zaidi kwamba ilikuwa hivyo kuliko kwamba haikuwa. Wajibu haubishaniwi. Kwenye ukiukaji kuna kanuni ambayo utamsikia wakili akiitaja kwa Kilatini, *res ipsa loquitur*, yaani jambo lenyewe linajieleza. Mgonjwa aliyelala usingizi hawezi kusema nani alikosea, vifaa vilikuwa mikononi mwa timu peke yake, na kitambaa hakibaki tumboni kwa kawaida kama kila mtu kafanya kazi yake. Hapo hospitali ndiyo inayotakiwa kueleza.

Usiitegemee kanuni hiyo peke yake, lakini. Majaji wa Mahakama ya Rufaa ya Uingereza waligawanyika mwaka 1939 kwenye kesi ya Mahon dhidi ya Osborne, iliyohusu shashi iliyoachwa tumboni, wakabishana hata kama kanuni yenyewe inafaa kwa upasuaji mgumu. Hospitali inaweza kueleza kwamba mgonjwa alikuwa anavuja damu na kila sekunde ilihitajika, kwamba kitambaa kiliachwa kwa makusudi, au kwamba kiliachwa kwenye upasuaji mwingine. Hilo la mwisho ni la kujiandaa nalo ikiwa ulishapasuliwa zaidi ya mara moja. Aina ya shashi, mahali ilipokutwa na picha zilizopigwa kati ya upasuaji mmoja na mwingine ndizo hujibu.

Mvutano mkali huwa kwenye lile jambo la nne. Upande wa pili utakubali shashi, kisha utasema maumivu yako ni ya ugonjwa uliokupeleka kwao mwanzo. Ndiyo maana unahitaji daktari mwingine, asiye na uhusiano na hospitali zote mbili, aandike ripoti inayotenganisha: haya yangekuwepo hata bila shashi, haya yameletwa nayo. Kesi nyingi tunazoziona zikilegea hulegea hapa.

Kuhusu nani ashtakiwe: kwa kawaida mwajiri hubeba makosa ya waajiriwa wake walio kazini, kwa hiyo huna haja ya kujua ni nesi yupi alikosea kuhesabu. Daktari aliyekodi thieta kwa mgonjwa wake binafsi si mwajiriwa, na wakili huwashtaki wote wawili wasije wakasukumiana. Malalamiko kwa baraza la madaktari au la wauguzi ni njia tofauti. Linaweza kumwonya mtu au kumfutia leseni, lakini kwa kawaida halikulipi fidia. Ziko pia nchi, kama New Zealand na Uswidi, ambako mgonjwa hulipwa na mfuko au bima bila kulazimika kuthibitisha uzembe wa mtu. Kwa hiyo swali la kwanza kwa wakili ni njia ipi inatumika mahali upasuaji ulipofanyika.

SWALI: Nimeambiwa nikusanye ushahidi. Ni upi hasa, na nikinyimwa?
*Dada anayemuuguza mdogo wake*

JIBU: Anza na kile ambacho hakitasubiri, yaani kitu chenyewe. Ikiwa mdogo wako bado hajafanyiwa upasuaji wa kukitoa, mwandikie daktari leo kwamba kitakachotolewa kipigwe picha kikiwa kando ya rula, kipelekwe maabara ya patholojia kikiwa na lebo ya jina na tarehe, na kisitupwe bila ridhaa ya maandishi ya mgonjwa. Maabara hazihifadhi vielelezo milele, kwa hiyo waandikie nao. Usikipeleke nyumbani kwenye chupa. Kikishapita mikononi mwenu, upande wa pili utauliza kilikuwa wapi na nani alikigusa.

Kinachofuata ni faili la upasuaji wa kwanza. Watu huomba "faili" wakapewa barua ya kuruhusiwa ya ukurasa mmoja. Taja karatasi moja moja: maelezo ya daktari ya upasuaji, karatasi ya hesabu ya vitambaa na vyombo, orodha ya usalama ya thieta, chati ya usingizi, fomu ya ridhaa, maelezo ya manesi wodini, na ukurasa wa kitabu cha thieta wa siku ile. Chati ya usingizi wengi huisahau, nayo huandikwa kila baada ya dakika chache. Huonyesha damu ilipotea kiasi gani na saa ngapi, na ndiyo itakayopima kama ile "dharura" ilikuwepo kweli. Picha ziombe kwenye diski, si karatasi ya majibu tu, ili mtaalamu wako azifungue mwenyewe.

Barua iwe fupi: "Mimi, mgonjwa mwenye namba ya faili hii, niliyefanyiwa upasuaji tarehe hii, naomba nakala kamili za nyaraka zifuatazo. Naomba pia nyaraka za asili, picha na vielelezo vyote vihifadhiwe bila kubadilishwa." Usieleze hasira wala usitaje kiasi cha pesa. Peleka nakala mbili, na ya kwako igongwe muhuri na tarehe ya kupokelewa. Kwa kuwa wewe si mgonjwa, ambatisha idhini yenye saini yake. Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Wakili anaweza kuiomba mahakama iamuru nyaraka zitolewe, na barua yako yenye muhuri ndiyo kielelezo cha kwanza.

Wakati huo huo nunua daftari. Kila safari ya hospitali, risiti, siku ya kukosa kazi, na nani alimpikia na kumwogesha alipokuwa kitandani, andika siku hiyo hiyo.

SWALI: Daktari aliniambia ncha ya sindano ilivunjikia ndani na ameiacha. Naweza kudai?
*Msomaji*

JIBU: Kuvunjika kwa sindano peke yake si uzembe, na kuiacha kunaweza kuwa uamuzi mzuri ikiwa kuitafuta kungeharibu zaidi. Alichofanya vizuri ni kukuambia. Angekuficha, mambo yangekuwa mengine. Omba iandikwe kwenye faili ilipo na urefu wake, na umtajie kila atakayetaka kukupiga MRI.

Vivyo hivyo si kila kitu kilichomo mwilini kimesahaulika. Wavu wa ngiri, klipu za mishipa na vyuma vya mifupa huwekwa vikae. Na mgonjwa anayevuja damu sana kwenye ini anaweza kufungwa tumbo likiwa limejazwa vitambaa kwa makusudi, arudishwe thieta baada ya siku moja au mbili kuvitoa. Kosa linaingia pale vinapotolewa pungufu kwa sababu mwanzoni haikuandikwa vimewekwa vingapi.

SWALI: Nilipasuliwa miaka tisa iliyopita. Mkasi umeonekana kwenye picha mwezi jana. Nimechelewa?
*Baba wa watoto wanne*

JIBU: Huenda hujachelewa, mzee wetu, lakini usilale. Sheria nyingi huweka ukomo wa muda wa kudai, na nyingi zinatambua kwamba mtu hawezi kudai asichokijua. Uingereza, kwa mfano, miaka mitatu inaweza kuanza siku mgonjwa alipojua, au alipopaswa kujua, kwamba ameumizwa. New York inatoa mwaka mmoja tangu kitu kigeni kigunduliwe. Katika nchi nyingine utalazimika kuomba kibali cha mahakama kwanza. Hospitali ikiwa ya serikali, huenda kuna notisi ya lazima kabla ya kushtaki, na ukomo wake unaweza kuwa mfupi zaidi.

Tarehe ya ugunduzi ndiyo roho ya kesi yako, kwa hiyo hifadhi majibu ya picha ya mwezi jana na kila picha ya zamani. Kama miaka minne iliyopita daktari alikuandikia "kuna chuma, afuatilie" na hukufuatilia, upande wa pili utahesabu kuanzia hapo. Na mazungumzo na hospitali hayasimamishi saa. Barua za "tunalishughulikia" zimewamalizia watu wengi muda wao. Mwone wakili wiki hii, na umwambie daktari kuhusu mkasi huo kabla hujakubali kipimo chochote cha MRI.

SWALI: Hospitali imejitolea kunifanyia upasuaji bure na kunipa "mkono wa pole", ila nisaini kwamba sina madai tena. Nisaini?
*Msomaji*

JIBU: Matibabu na saini ni vitu viwili. Kama unahitaji upasuaji, upokee, au uombe ufanyike hospitali nyingine kwa gharama yao, na mwandike kwamba haki yako ya kudai haijaathirika. Hati ya kutodai tena usiisaini kabla shashi haijatolewa na daktari hajakuambia ilichoharibu. Utumbo unaweza kuwa umegandamana au sehemu yake ikakatwa. Kizazi kinaweza kuwa kimeguswa. Ukishasaini, hata ukigundua hayo mwaka ujao, kufungua mlango huo tena ni kazi ngumu sana.

Kisha piga hesabu yako. Fidia mahususi ni ile yenye risiti: matibabu, dawa, nauli, mishahara iliyopotea, malipo ya msaidizi. Isiyothibitishwa kwa karatasi kwa kawaida haitolewi. Fidia ya jumla ni ya maumivu, kovu, kupungua kwa uwezo wa kufanya kazi au kuzaa, na hupimwa na jaji akilinganisha na kesi zilizotangulia. Mwombe wakili akuonyeshe tatu au nne zinazofanana na yako kabla hajakutajia kiasi. Muulize pia analipwaje. Malipo ya asilimia ya fidia yanaruhusiwa mahali pengine na kukatazwa kwingine, na kuna kwingine ukishindwa unabeba gharama za upande wa pili. Upatanishi ni njia nzuri ikiwa shashi haibishaniwi na kilichobaki ni kiasi tu.

SWALI: Mama yetu alifariki wiki mbili baada ya kutolewa kitambaa. Tumeshamzika. Bado kuna la kufanya?
*Watoto wake*

JIBU: Poleni sana. Dai halizikwi naye katika nchi nyingi: msimamizi wa mirathi anaweza kudai kwa niaba yake maumivu na gharama za kabla ya kifo, na waliokuwa wakimtegemea wakadai walichopoteza. Teueni msimamizi kwanza, kwa sababu hospitali ina haki ya kumnyima nakala za faili mtu asiye na hati hiyo. Ushahidi wa sababu ya kifo mtaupata kwenye maelezo ya upasuaji wa pili, majibu ya patholojia, chati za wodi ya wagonjwa mahututi na cheti cha kifo. Kama uchunguzi wa mwili haukufanyika, daktari huru asome hizo kwanza. Mara nyingi zinatosha. Zisipotosha, kufukua mwili kunahitaji amri ya mamlaka husika, na msilifikie hilo kabla daktari huyo hajawaambia kama kuna kitu bado kinaweza kuonekana.